Kwao Plutarch: Safari ya Kwanza Chaeronea

Nilikwenda Ugiriki kwa ajili ya kijiji kimoja. Kinaitwa Chaeronea, kipo Boeotia, kaskazini-magharibi ya Athens. Hapo ndipo alipozaliwa Plutarch karibu mwaka 45 BK, na hapo ndipo alipochagua kuishi hadi uzeeni, ingawa Athens alisomea na Roma alikuwa na marafiki wenye vyeo. Sababu yake aliieleza mwenyewe: mji wake ulikuwa mdogo, na hakutaka auhame ukazidi kuwa mdogo.

Mimi ni mwalimu wa fasihi jijini Mwanza. Kila ninapowasomea wanafunzi Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka kwanza mwaka 1963 na kupitiwa upya mwaka 1969, swali lao ni lilelile. Shakespeare alikuwa mtu wa Uingereza, aliandika zaidi ya miaka 1,600 baada ya Kaizari kuuawa. Aliyajuaje mambo ya Roma kwa undani huo? Jibu la darasani ni fupi: alimsoma Plutarch. Jibu hilo ni la kweli, ila linawaruka watu wengi waliosimama katikati, na kwa miaka mingi nilitamani kuwafuata watu hao nikianzia kule walikoanzia.

Shakespeare hakumsoma Plutarch kwa Kigiriki. Rafiki yake Ben Jonson, katika shairi la kumkumbuka lililochapwa mwaka 1623 mwanzoni mwa juzuu kubwa ya tamthilia zake, alisema waziwazi kwamba Kilatini cha Shakespeare kilikuwa kidogo na Kigiriki chake kidogo zaidi. Alichokuwa nacho mezani ni kitabu cha Kiingereza cha Thomas North, kilichotoka mwaka 1579. North naye hakukitoa katika Kigiriki. Alikitoa katika Kifaransa cha Jacques Amyot, kilichochapwa mwaka 1559. Amyot, aliyekuja kuwa askofu wa Auxerre, ndiye aliyeinamia miswada ya Kigiriki yenyewe. Toleo la pili la North lilichapwa London mwaka 1595 na Richard Field, mtoto wa mtengeneza ngozi wa Stratford, mji uleule alikozaliwa Shakespeare. Field huyohuyo alikuwa amemchapia Shakespeare utenzi wake wa Venus na Adonis mwaka 1593. Mgiriki, Mfaransa, Mwingereza, mchapaji, mwandishi wa jukwaani, na mwisho Mwalimu wa Butiama: hiyo ndiyo njia, na nilitaka kuikanyaga pale inapoanzia.

Athens nilipokewa na mzee mmoja wa Tanga aliyefika bandari ya Piraeus akiwa baharia katika miaka ya 1970 akabaki. Watanzania wa namna yake wapo katika jiji lile, wengine wamezaa na kujukuu huko. Nilimwamkia shikamoo mlangoni, naye akanijibu, “Marahaba, mwalimu. Karibu Uyunani.” Jina hilo la kale la kwenye Biblia sikulisikia tena kwa mtu mwingine safari nzima, na lilinifurahisha.

Jioni ile nilimweleza ninakokwenda. Chaeronea alikuwa hajawahi kufika. “Huko ndani mimi sikujui,” alisema. “Ugiriki yangu ni bandari.” Kisha akaniuliza ni nani huyo Plutarch, nami nikaanza na Juliasi Kaizari. Hapo akanikatiza. Alipokuwa kijana shuleni, tamthilia ile waliicheza, naye alikuwa katika kundi la raia wanaomvamia mshairi Cinna na kumuua kwa sababu jina lake ni sawa na la mmoja wa wauaji wa Kaizari. Alikumbuka hata nani alikuwa Cinna na jinsi walivyomrarua kanzu halisi. Nilipomwambia kwamba kisa kile Shakespeare hakukibuni, kwamba kimo katika Plutarch pamoja na ndoto mbaya aliyoota mshairi yule usiku wa kuamkia kifo chake, mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi tunakwenda wote.”

Yapo mambo ya Athens ambayo vitabu vingine vinayasimulia vizuri kuliko mimi. Nilipanda Acropolis kama kila mtu. Nilikaa zaidi chini yake, upande wa kusini, kwenye ukumbi wa wazi wa Dionysus, ambako tamthilia za Sophocles na Euripides zilichezwa katika karne ya 5 KK. Mistari ya viti vya mawe imebomoka sehemu kubwa. Niliwaza jinsi Wole Soyinka alivyoichukua The Bacchae ya Euripides akaiandika upya kwa ajili ya National Theatre ya London mwaka 1973, na jinsi Ola Rotimi alivyompeleka Edipode wa Sophocles katika nchi ya Wayoruba katika The Gods Are Not to Blame. Kiingereza kilichopokea Wagiriki hakikuwa cha Waingereza peke yao, na mtu akiitaja fasihi ya Kiingereza leo bila Wanaijeria hao, au bila Derek Walcott wa Saint Lucia na Omeros yake ya mwaka 1990, ameisimulia nusu.

Tuliondoka asubuhi kwa basi la KTEL. Baada ya milima ya mwanzo tukaingia katika uwanda mpana, tambarare kabisa, na mimi nikasogea dirishani. Pamba! Mashamba ya pamba kulia na kushoto hadi mwisho wa macho, vitumba vimepasuka, maana ilikuwa Oktoba. Mtu wa Usukumani hawezi kuiona pamba akabaki ametulia. Mzee alimuuliza abiria wa jirani kwa Kigiriki, naye akatueleza ambalo baadaye nililithibitisha: pale palikuwa na ziwa, Copais, lililokaushwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa mifereji, kisha kampuni ya Kiingereza ikaimiliki ardhi ile hadi miaka ya 1950. Ukiona kilimo kikubwa namna ile, na historia ya kampuni ya kigeni juu ya udongo wa watu, huhitaji mkalimani.

Livadeia ni mji mzuri wenye chemchemi baridi na vijito vinavyopita katikati ya mikahawa. Tulikunywa kahawa haraka, tukakodi teksi kwenda Chaeronea, kilomita chache kaskazini.

Simba ndiye anayekupokea. Ameketi kando ya barabara kuu, juu ya jukwaa la mawe, kati ya miberoshi, urefu wake ukizidi meta 5, na uso ameuelekeza kwenye uwanda. Hapo, mwaka 338 KK, Philip wa Makedonia aliyashinda majeshi ya Athens na Thebes, na mwanawe Alexander, kijana wa miaka 18, alikuwa vitani siku ile. Uhuru wa miji ya Wagiriki ulivunjikia kwenye shamba lile. Simba mwenyewe alikuwa amevunjika vipande, akagunduliwa na wasafiri wa Kiingereza mwaka 1818, akasimamishwa tena mwanzoni mwa karne ya 20. Chini yake wachimbaji walikuta mifupa ya watu 254, imelazwa kwa safu. Wengi wanaamini ni wanajeshi wa Kikosi Kitakatifu cha Thebes, waliokufa bila kurudi nyuma.

Plutarch alikua akiutazama uwanda huo. Katika zama zake wenyeji walikuwa bado wanaonyesha mwaloni ulioitwa mwaloni wa Alexander, karibu na mto Cephisus, ambapo inasemekana kijana yule alipiga hema lake. Alipokuja kuandika maisha ya Alexander, na kumweka jozi na Caesar, hakuwa akiandika habari za mtu wa mbali. Mti aliujua. Nadhani hapo ndipo ulipo utamu wa maandishi yake: hadithi kubwa za dunia zilikuwa zimepita uani kwao. Na alisema bayana kwamba yeye haandiki historia, anaandika maisha; kwamba neno moja la utani au jambo dogo linaweza kufichua tabia ya mtu kuliko vita vilivyoua maelfu. Kila mwandishi wa tamthilia aliyeishi baada yake anadaiwa na kauli hiyo. Shakespeare aliishi kwayo.

Kando ya simba kuna jumba dogo la makumbusho, na nyuma ya kijiji, kwenye mwamba wa kilima cha Petrachos, kuna ukumbi wa maonyesho uliochongwa moja kwa moja katika jiwe. Ni mdogo. Tuliketi hapo mimi na mzee, tukala mkate na zeituni, hakuna mtu mwingine aliyekuwapo, nami nikatoa kitabu. Nilikuwa nimebeba maisha ya Mark Antony, na nilitaka kumsomea mzee sehemu mbili pale pale zilipoanzia.

Ya kwanza ni ya nguruwe wanane. Babu yake Plutarch, aliyeitwa Lamprias, alikuwa na rafiki tabibu jina lake Philotas, mtu wa Amphissa, mji usio mbali na pale. Philotas alipokuwa kijana akisomea utabibu Alexandria alijuana na mmoja wa wapishi wa Antony na Cleopatra, akaingizwa jikoni kuangalia. Akakuta vyakula vya kila aina na nguruwe mwitu wanane wanaokwa kwa mpigo. Akashangaa wageni watakuwa wengi kiasi gani. Mpishi akacheka: wageni ni kama 12 tu, ila hakuna ajuaye Antony atataka kula saa ngapi, na chakula lazima kiwe kimeiva barabara dakika ile anapokitaka, kwa hiyo wanapika karamu nyingi badala ya moja. Philotas alirudi kwao akamsimulia Lamprias. Lamprias akamsimulia mjukuu. Mjukuu akaandika. Amyot akaipeleka Ufaransa, North akaivusha bahari, na katika Antony and Cleopatra unawasikia watu wa Roma wakiulizana kwa mshangao juu ya nguruwe wanane waliookwa wazima kwa kifungua kinywa cha watu 12.

Mzee alitaka nirudie. Nilirudia. “Yaani haya ni maneno ya jikoni,” alisema. “Kijana kachungulia jikoni.” Ndivyo hasa. Mimi nimewasikia wasomi wakiizungumzia hekima ya Wagiriki kana kwamba ilishuka ikiwa nadharia tupu. Hapa kuna babu anayesimulia baada ya chakula na mtoto mwenye masikio. Mchongoma wa hadithi ulioota Chaeronea umechomoza London, na ukilifuata shina lake unafika barazani kwa mzee mmoja ambaye jina lake tunalo.

Sehemu ya pili haina kicheko. Babu mkuu wa Plutarch, Nicarchus, alisimulia yaliyompata yeye na watu wa kijiji chake wakati wa vita vya Antony na Octavian. Ugiriki ilikuwa imenyang'anywa fedha, watumwa na wanyama wa mizigo. Kwa kuwa punda hawakubaki, wananchi wote wa Chaeronea walilazimishwa kubeba ngano mabegani, kila mtu kipimo chake, kuipeleka chini baharini Anticyra, huku wakichapwa mijeledi ili waharakishe. Walikuwa wamekwisha kupeleka mzigo wa kwanza. Wa pili ulikuwa umepimwa tayari, wanataka kuinua, ndipo habari ikafika kwamba Antony ameshindwa. Hivyo vilikuwa vita vya Actium, mwaka 31 KK. Wasimamizi na askari wakakimbia, na wanakijiji wakagawana ngano.

Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa uzito wa mzigo huo. Babu zetu walibeba mizigo ya vita visivyo vyao, Wajerumani na Waingereza wakifukuzana katika Vita Kuu ya Kwanza, na wengi hawakurudi. Mzee wa Tanga alitazama mlima ulio upande wa kusini, ambako njia ya Anticyra inapita, akauliza tu, “Wanawake pia?” Kitabu hakisemi.

Kisa hiki Shakespeare alikiacha. Alikuwa na kitabu chote cha North mbele yake, na alichukua mengi. Alichukua jahazi la Cleopatra likipanda mto Cydnus, lenye tezi la dhahabu, tanga la zambarau na makasia ya fedha yaliyopigwa kwa mdundo wa filimbi, karibu neno kwa neno, kisha akaongeza kitu kimoja ambacho Plutarch hakukiwaza: upepo na maji yenyewe vikashikwa na mapenzi. Alimchukua Domitius anayemsaliti Antony, na Antony anayempelekea mali zake bila kinyongo, na aibu inayomuua. Wapagazi wa Chaeronea hakuwachukua. Jukwaa lake lilitaka wafalme. Simlaumu, lakini ningependa mwandishi wetu mmoja aitunge tamthilia ya mzigo ule wa pili ulioachwa chini, kwa sababu sisi tungeicheza vizuri.

Katika Juliasi Kaizari ulinganisho unafundisha zaidi. Mtabiri anayemwonya Caesar juu ya katikati ya mwezi Machi ni wa Plutarch. Hofu ya Caesar kwa watu wembamba waliopauka, Portia anayejijeruhi paja kuthibitisha uvumilivu wake, mzuka unaomtokea Brutus na kumwambia watakutana Philippi, vyote ni vya Plutarch. Lakini hotuba ya Antony juu ya maiti, ile inayougeuza umati, Plutarch anaitaja kwa maneno machache tu: Antony alisema, watu wakalainika, akaonyesha vazi lenye damu na matundu ya visu. Hotuba yenyewe hakuiandika. Mgiriki aliacha nafasi, Mwingereza akaijaza, na Mwalimu Nyerere, aliyejua mwenyewe nini maana ya kusimama mbele ya umati na kuugeuza kwa maneno, akaipa Kiswahili ambacho hadi leo mzee wa Tanga anakumbuka mwendo wake. Alinisomea vipande pale kwenye mawe, amesimama, mkono mmoja angani. Sauti ilirudi vizuri kutoka mwambani. Ukumbi ule ulijengwa kwa kazi hiyo.

Tulipotoka Chaeronea dereva alitupeleka kando ya mlima Parnassus kuelekea Delphi, na nilikuwa nimemwomba apunguze mwendo mahali fulani. Kati ya Livadeia na Delphi, chini ya mlima, njia za kale ziligawanyika: moja ikitoka Thebes, nyingine ikienda Daulis, ya tatu ikienda Delphi. Hiyo ndiyo njia panda ya Edipode. Hapo, katika hadithi, alikutana na mzee ndani ya gari asiyetaka kumpisha, akamuua bila kujua kwamba ni baba yake mzazi. Barabara ya leo haipiti juu ya nyayo zilezile, lakini bonde ni hilohilo, limebanwa na miteremko, na unaona mara moja kwamba hapa watu wawili wenye kiburi hawawezi kupishana. Samuel Mushi alitupa Mfalme Edipode kwa Kiswahili mwaka 1971. Nimeifundisha njia panda ile kwa miaka, na sikuwahi kufikiri kwamba ni mahali pa kweli penye mawe, kondoo na baridi inayoshuka mlimani.

Delphi tulifika jua likiwa bado juu. Hekalu la Apollo limebaki nguzo chache, chini yake bonde limejaa mizeituni hadi ghuba inapong'aa. Wafaransa walianza kuchimba kwa mapana mwaka 1892, na kijiji kizima cha Kastri kilihamishwa ili kupisha uchimbaji. Kabla ya hapo, Byron alipopita mwaka 1809, alikuta nyumba na zizi juu ya mahali patakatifu, na jina lake alilichora kwenye nguzo. Byron alirudi Ugiriki kupigania uhuru wake na akafia Missolonghi tarehe 19 Aprili 1824. Kwa hilo Wagiriki wamemsamehe nguzo zote.

Plutarch alikuwa kuhani hapa kwa miaka mingi, akipanda kutoka Chaeronea. Kwenye ukuta wa hekalu palikuwa na maonyo mawili maarufu, la kujijua nafsi na la kutozidisha jambo, na kwa kipimo hicho yeye aliandika maisha yote ya watu wake: Antony alizidisha, Brutus hakujijua. Delphi na Chaeronea kwa pamoja zilimwekea sanamu, na jiwe lenye maandishi ya sanamu hiyo limehifadhiwa Delphi. Mtu yule ambaye nyumbani kwake alisimamia vipimo vya vigae na ubebaji wa mawe ya ujenzi, na waliomshangaa akawajibu kwamba hafanyi kwa ajili yake bali kwa ajili ya mji, ndiye aliyekaa hapa akijibu maswali ya ulimwengu.

Aliandika pia mazungumzo kuhusu kwa nini mashauri ya miungu yamepungua. Ndani yake kuna kisa cha baharia, na nilikuwa nimekiweka akiba kwa ajili ya mwenzangu. Katika enzi za Kaisari Tiberio meli ilikuwa ikielekea Italia, upepo ukakatika karibu na visiwa vya Paxi. Sauti ikatoka kisiwani ikimwita nahodha, Mmisri aitwaye Thamus, ambaye abiria wengi hawakulijua hata jina lake. Ikaita mara ya kwanza, akanyamaza. Mara ya pili, akanyamaza. Mara ya tatu akaitika. Sauti ikamwagiza: ukifika Palodes, tangaza kwamba mungu Pan mkuu amekufa. Thamus akaamua kwamba upepo ukiwapo atapita kimya, ukitulia atasema. Ulitulia. Akasimama tezini, akatangaza kuelekea nchi kavu, na papo hapo kikasikika kilio kikubwa, cha wengi kwa pamoja.

“Kafanya sawa,” mzee alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi. “Kwetu Tanga ukiitwa usiku huitiki mara ya kwanza. Hujui anayekuita ni nani. Ya tatu ndiyo unaitika.” Sikuwahi kusoma ufafanuzi bora wa ukimya wa Thamus katika kitabu chochote. Washairi wa Kiingereza wamekirudia kisa hicho kwa karne nyingi. Elizabeth Barrett Browning alikijengea shairi zima mwaka 1844, The Dead Pan. Wao walisikia ndani yake kifo cha dini ya kale. Baharia wa Tanga alisikia adabu ya bahari, na ninaamini alikuwa karibu zaidi na Thamus mwenyewe.

Usiku katika nyumba ya wageni nilikumbuka jambo jingine ambalo huwa nawaambia wanafunzi. Mary Shelley alipotunga Frankenstein, riwaya iliyotoka mwaka 1818, alimpa yule kiumbe asiye na baba wala kabila vitabu vichache vya kujifunzia ubinadamu, na kimoja kilikuwa Maisha ya Plutarch. Alichagua vyema. Kiumbe yule alijifunza humo kwamba kuna uadilifu na kuna uovu, na kwamba watu wakubwa huvibeba vyote viwili.

Safari hii imenithibitishia kwamba njia kutoka Chaeronea hadi kwetu ilipita kwa Waingereza kwa sababu ya historia, na haikuwa lazima iishie hapo. Amyot hakungoja mtu amletee Plutarch kwa lugha nyepesi. Alikwenda kwenye Kigiriki. Nyerere na Mushi walitufikisha kadiri Kiingereza kilivyoruhusu, na heshima yao haifutiki. Sasa ni zamu ya vijana walio katika idara zetu za Kiswahili, Dar es Salaam, Nairobi, Zanzibar, Dodoma. Jifunzeni Kigiriki cha kale, hata kama ni wawili watatu kati yenu. Anzeni na maisha ya Antony, pamoja na nguruwe wanane na ngano ya Nicarchus, na ninyi wachapishaji mkiletewa mswada huo msiurudishe.